Taa ya Bweni la Pili

Balbu inaning'inia juu kwenye waya,
na chini yake Malegesi, kidato cha kwanza, siku ya nne,
amesimama juu ya tranka lake, anapuliza.
"Kwa nguvu, njuka! Kwenu Ukara hakuna upepo?"
Anapuliza. Mashavu yamemjaa
kama furu aliyebeba watoto mdomoni.
Bweni zima linacheka,
nami nimo ndani ya kicheko hicho,
kitanda cha juu, dirisha linalotazama Igombe.

Naijua balbu hiyo.
Niliipuliza mwaka ule ziwa lilipopanda likameza bustani ya shule,
niliipuliza hadi nikaona nyota,
na aliyenisimamia na ubao wa chaga
leo ni karani wa mnada kule Magu.
Tukikutana hunisalimu vizuri tu. Amesahau.
Mimi niliweka akiba.
Kila ndoo niliyompandishia miambani, niliihesabu.
Kila soksi. Na michembe ya mama,
aliyoila akaniachia vumbi chini ya mfuko,
nayo niliiandika moyoni:
ngojeni nifike kidato cha nne.

Sasa nimefika.
Na malipo yangu ndiyo haya, mtoto juu ya tranka,
kaptula imenunuliwa kubwa ili akue nayo,
kiunoni kaikaza kwa kamba ya katani.
Huyu mwaka ule alikuwa anachunga mbuzi wa bibi yake.
Alinikopa lini?

Anapuliza tena. Safari hii pumzi inatoka na kijisauti,
kile kinachotangulia kilio, na anakimeza.
Nikakisikia kikishuka kooni mwangu.
Nikateremka. Saruji ilikuwa baridi.
Nikapita katikati ya vitanda hadi mlangoni,
pale ukutani, usawa wa bega la yeyote,
nikabonyeza swichi.

Giza.
"We Kajoro, vipi?" Budodi huyo.
"Taa imezimika. Mwacheni akalale."
"Na sisi tuliopuliza, je?"

Swali hilo lilikaa bwenini muda mrefu,
mbu wakizunguka nalo.
Jibu sikuwa nalo. Mpaka leo sina.
Nilisikia tu tranka likirudishwa uvunguni,
polepole, na mtu anayeogopa kelele.

Alfajiri nikashika ndoo yangu mwenyewe.
Mpini ukanikata vidole vilivyokwisha kuzoea kuagiza.
Kwenye mwinuko, mwamba wa tatu,
nikamkuta Malegesi amepumzika, ndoo katikati ya miguu.
Nikakaa. Chini yetu dagaa walikuwa wanaanikwa,
harufu inapanda kama inatafuta mtu.
Nikamuuliza, kwa adabu iliyonichosha kuliko maji,
"Michembe imebaki?"

Akanikagua kwanza,
toka kandambili hadi utosini.
Halafu akatia mkono mfukoni,
akatoa miwili,
akanipa ule mdogo.