Dakika Moja ya Ukimya

Zuwena alinitumia habari saa tano usiku,
kitambaa cha kufutia glasi kikiwa bado begani:
Chumvi Nyeusi wamevunja kundi.
Hatujagombana, wameandika, tumechoka tu.
Mpiga besi anarudi Kieni kufuga nyuki.

Nikaisoma mara tatu nyuma ya mti wa plastiki
ambao hoteli imeusimamisha tangu Novemba,
mti wa theluji ya pamba
unaonukia udi,
maana Bwana Dhahir wa mapokezi
hupitisha chetezo kila jioni bila kubagua:
makochi, wageni, malaika wa karatasi,
kila mmoja apate fungu lake la moshi.

Juu ya kichwa changu, spika.
Nyimbo kumi na nne za Krismasi,
zikiisha zinaanza.
Nimezihesabu kama mfungwa anavyohesabu matofali.
Zote kengele. Zote laini kama keki iliyonyeshewa.
Hakuna hata moja yenye mtu
aliyecheleweshewa mshahara.

Wangu mimi ni mwingine.
Chumvi Nyeusi waliurekodi mara moja
wakauficha mwisho wa albamu ya pili,
nyuma ya dakika nzima ya ukimya,
asiye na subira asiupate.
Gitaa linaingia likikwaruza kama mwiko kwenye ukoko,
ngoma zinachelewa makusudi,
halafu mwimbaji, koo limemkauka,
anasimulia baba aliyefika nyumbani tarehe ishirini na sita
na kilo moja ya mchele na kiatu kimoja,
na watoto wakakubaliana
kwamba jana haijaisha.

Niliusikia kwanza Wundanyi, kwenye simu ya Mwadime,
sikio moja lake, sikio moja langu,
mama akiuliza jikoni
huyo anayelia ni nani, na amefiwa na nani.

Ijumaa tukakutana Wadi Kabir,
gereji namba kumi na nne.
Binamu yake Zuwena hutuachia ufunguo
kwa sharti moja: tusiguse jeki.
Zuwena akaketi nyuma ya ngoma,
mikono ya buibui ameikunja hadi viwikoni,
akanena kwa Kiswahili cha bibi yake wa Pemba,
"Haya, tuwazikeni vyema."
Lazaro alikuwa ametoka kanisani Ruwi,
kwenye mazoezi ya kwaya ya Wagoa,
shati jeupe limepigwa pasi hadi linakata.
Akachomeka besi, akasema kwa Kiarabu chake cha sokoni
kwamba hatuelewi: nyinyi mnazika,
mimi huko nilikotoka kuna mtu anazaliwa.

Tukaupiga. Vibaya.
Mara ya pili, vibaya zaidi.
Katikati ya mara ya tatu mlango wa bati ukagongwa
na sote tukanyamaza, mikono juu ya nyuzi
kama watoto waliokutwa na sukari.
Alikuwa Gulzaman, fundi matairi wa namba kumi na tano,
grisi hadi mabegani.
Kumbe alikuwa akifunga nati kwa kufuata ngoma,
na sisi kila tukikatika
tunampotezea hesabu.
Akaomba tumalize, gari la watu linangoja.

Tukamaliza.

Tarehe ishirini na tano ni Alhamisi kama Alhamisi nyingine.
Hapa si sikukuu; nina zamu ya alfajiri,
mayai mia mbili na chai ya maziwa.
Saa kumi na moja na nusu, ukumbi mtupu,
nikachomoa zile kumi na nne
nikachomeka simu yangu.

Spika zikakaa kimya.
Bwana Dhahir akasimama na chetezo mkononi,
akatazama dari, akaigonga spika ya ukutani kwa kidole,
akanigeukia: hii imekufa?

Bado, nikamwambia.
Ngoja kidogo.
Moshi ukawa unapanda kati yetu, bila haraka,
na mimi nikihesabu kimoyomoyo,
arobaini na moja,
arobaini na mbili.