Mgeni wa Chumba cha Ndani

Wete, maabara, saa tatu asubuhi.
Umeme umekatika tangu alfajiri,
nimesogeza darubini dirishani ichote jua.

Makohozi ya Bi Asaa Kombo nimeyapaka kiooni,
nikayatia rangi nyekundu, nikayapasha moto
hadi yakafuka, kisha tindikali.
Kila kitu kikaachia wekundu wake
ila wao: vijiti sita, saba,
wamevaa nta, wameing'ang'ania rangi
kama hina kwenye kucha za bibi harusi.

"Waliingiaje?" akaniuliza kwenye tundu la dirisha.

Hawakuvunja mlango, Bibi. Walimezwa.
Pafuni mna mlinzi, kazi yake kumeza:
humeza vumbi, humeza masizi ya kuni,
na mdudu akimpata humtia chumbani
akammiminia siki kali mpaka ayeyuke.
Huyu alipomezwa hakupiga kelele.
Aliushika mkono wa siki, akauzuia.
Akakaa. Akala mafuta ya mwenyeji wake.
Hana pupa;
mchana mzima na usiku ndipo awe wawili,
kisha wanne, kwa adabu,
hata nyumba ikajaa
na mwenye nyumba bado anafagia uwanja.
Siku kuta zinapopasuka
walinzi wa jirani hukimbilia maziko,
na wao hawana sanda wala jeneza,
huzika kwa kula.
Humla marehemu na wageni wake wote.

Bi Asaa kimya. Ukili mkononi, hausuki.

"Alikuja na mkoba mmoja," akasema.

Nani?

"Shemegi yangu. Mwaka ule wa mafuriko.
Siku ya tatu nikampa jembe, kama wasemavyo;
akalitundika ukutani, lipo hadi leo.
Sikumfukuza. Ndugu wa marehemu, utamfukuzaje?
Yuko chumba cha ndani.
Usiku anakohoa mdomo kaubana kwenye mto,
asituamshe."

Peke yake?

Akausuka ukili mara moja, akaufumua.
"Wajukuu hulala naye. Huwahadithia."

Nikamweleza vidonge: miezi sita, kila siku,
hata ukijiona mzima, hata jirani akisema umerogwa.
Akaitikia kwa kichwa, hakuwa ananisikia.
Nikaigeuza fomu.
Nyuma pana mistari mitano ya majina
na nilikwisha kuandika *Shemegi* kwenye wa kwanza.

"Futa," akasema. "Anza na Time.
Ana miaka minne.
Ndiye anayelala upande wa ukutani."