Mlango wa Nyuma

Magurudumu sita, tani kumi na nne,
tumbo limechongwa mithili ya plau
ili bomu la ardhini likilipuka
moto upasukie kando, sisi tubaki na mlio tu masikioni.
Hivyo nilifundishwa Lanet.
Kupakia askari kumi: sekunde thelathini.
Kuwashusha: kumi na mbili, mlango wa nyuma,
wawili wawili, kila mmoja na upande wake wa kulenga.

Hakuna aliyenifundisha kupakia mbuzi.

Aprili ile Nyando ilipovunja kingo
tulitumwa Ahero, kisha ndani zaidi,
kule lori la misaada lilikozama hadi kioo.
Deraya ikaingia majini kama nyati,
ikikoroma, ikisukuma mbele yake
mpunga uliong'oka, sufuria, mlango wa choo cha mtu.
Juu, penye bombomu, Praiveti Ekidor
alikuwa amekumbatia jogoo.
Sanduku la risasi lilibeba mayai.

Tulimkuta Dorina Apondi juu ya meza,
meza juu ya kitanda,
redio imening'inia shingoni kwa kamba.
Nikarudi kinyumenyume hadi kizingitini pake.
Mlango ukafunguka taratibu, mzito, kama wa jokofu.
Akatazama ndani. Hakusogea.

"Mlango huu naujua," akasema.
"Ulifunguka Kondele, usiku,
mbele ya kinyozi cha mwanangu.
Walitoka wawili wawili."

Nilitaka kumwambia: si sisi, mama,
lile lilikuwa la rangi nyingine, la kikosi kingine.
Lakini maji yalikuwa yanalamba godoro,
na chuma hakina uso
hata useme umekifananisha.

"Mwanao yuko wapi sasa?" Ekidor akauliza kutoka juu,
kijana wa watu, hajui.
Apondi akakaza kamba ya redio.

"Nitapanda," akasema. "Ila usiufunge."

Kanuni: gari lisiende mlango ukiwa wazi.
Imeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya usukani wangu.
Nikaingiza gia ya kwanza.

Maji yakatufuata ndani, ya kahawia,
yakapanda mabuti, yakaelea na kandambili za watoto.
Yeye aliketi ukingoni kabisa, miguu nje,
akitazama tulikotoka,
kama mtu arudiye kutoka gulioni
juu ya mkokoteni wa ng'ombe.
Kilomita saba. Hakugeuka hata mara moja.

Shuleni alishuka mwenyewe, akaukataa mkono wangu.
Akaugonga ubavu wa gari kwa kiganja,
mara mbili, kama anayepima tikiti maji,
akaenda zake.

Siku ya tano, Lanet, najaza fomu.
Mafuta: lita mia mbili na kumi.
Risasi zilizotumika: hakuna.
Hitilafu: bawaba za mlango wa nyuma zimejaa matope,
hazifungi sawasawa.

Fundi ameuliza kama ni ya haraka.
Nimemwambia bado.