Kiwiko cha Tata

Saa moja kasoro robo, Valdivia ingali giza,
mvua ya mwezi wa nane inachapa bati kama mtu anayedai.
Yasna hagongi mara mbili, zamu kiwandani haimngoji.
Ananikabidhi mtoto, begi na habari:
"Ana kikohozi kidogo, baba. Kidogo tu."

Kidogo.
Miaka arobaini nilitengeneza mizani za wauza samaki,
naujua uzito wa neno hilo:
ndicho kidole kinacholemea sahani
mnunuzi akitazama pembeni.

Amaro ana miaka minne na pua kama bomba bovu.
Ananiita Tata, kama watoto wa huku waitavyo babu zao,
na tata kweli, maana mwaka huu, tangu vuli,
hajavua hata buti keshanitia mdomoni
nusu ya mkate alioutafuna:
"Onja, Tata, una jibini."
Nami, mtu mzima wa miaka sabini na miwili,
mwenye mvi zangu na akili zangu,
nikaonja.

Ndivyo ulivyoingia ugonjwa wa mwezi wa nne.
Wa mwezi wa tano ulikuja na kijiko.
Wa sita, nadhani, ulinikuta usingizini,
amelala shingoni mwangu akipumua kama birika dogo
na mimi nikaona haya kugeuza uso.

Yeye huugua Jumatatu, Jumatano anamkimbiza paka.
Mimi huanza Jumatano hadi mwezi uandame.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
aliyeutunga msemo huo
hakuwa na mjukuu wa chekechea.

Ule wa sita ulishuka mapafuni.
Siku tisa wodini, ghorofa ya tatu, mrija puani.
Jirani yangu Heriberto, fundi saa, naye babu wa pacha,
tulicheka hadi mashine zikalia,
tukilinganisha nani aliambukizwa kwa ujinga zaidi.
Yeye alikuwa amepuliza puto lililokwisha kunyonywa.
Siku ya tano niliamka
kitanda chake kimetandikwa.

Daktari, msichana mwenye kalamu sikioni, akaniandikia:
chanjo kila vuli, usingoje baridi.
Dirisha wazi, japo mvua.
Mikono kwa sabuni, hesabu hadi ishirini.
Usimalizie chakula chake.
Busu liwe utosini.
Nikamuuliza, "Na asipokuja kabisa?"
Akairudisha kalamu sikioni.
"Hilo," akasema, "sikuandikii."

Basi leo dirisha liko wazi upana wa kiganja,
kuni zinanung'unika jikoni kwa gharama hiyo.
Nimevaa barakoa. Amaro anaitaka na yeye,
kisha farasi wake wa plastiki anaitaka na yeye,
na farasi, lazima nikiri, ndiye pekee
anayeivaa bila kuishusha kidevuni.

Tunapanda kigoda, tunanawa.
Anahesabu kwa sauti ya karani wa mnada:
kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na tano.
Kumi na nne hana habari nayo.
Nimeacha kumsahihisha;
naihesabu mimi, kimoyomoyo, kwa ajili yetu wawili.

Mkate nimeukata vipande viwili, sahani mbili.
Anautazama wangu kwa huzuni ya mtu aliyesusiwa.
"Hutaki kuonja?"
Nataka, mjukuu wangu. Hujui ninavyotaka.
Nambusu utosini: moshi wa kuni, sabuni, nywele zenye unyevu.

Chafya nimemfundisha wiki nzima:
ikija, kunja mkono, ifiche kiwikoni.
Na sasa inakuja, naiona,
macho yamesinyaa, pua inapanda,
anakumbuka, Mungu ambariki, anakumbuka somo,
ananyoosha mikono yote miwili,
anakivuta kiwiko
changu,
na humo anaimalizia yote.

"Nimefanya vizuri, Tata?"

Vizuri sana.
Twende tena bombani.
Kumi na mbili. Kumi na tatu.