Marehemu Kaingia

Hilkka husahihisha filamu kwa kalamu nyekundu,
ile ile iliyowatetemesha watoto wa Kemi miaka thelathini na minne
kila walipokosea kugawanya.
Nne ni kufeli. Kumi hajawahi kumpa mtu.
"Kumi," husema, "ni ya Mungu, naye hajaleta daftari."

Kanda zimo katika maboksi ya ndizi,
mia moja na kumi na mbili, nilizibeba mwenyewe
siku duka la Penttilä lilipofunga milango,
kwa bei ya viatu vya mtumba.
Kila Alhamisi, theluji ikiziba dirisha la jikoni,
Hilkka huvuka korido na soksi zake za sufu
na sahani ya mkate mweusi.
Nachemsha kahawa. Tunazima taa.
Mashine inameza kanda, inakohoa, inakubali.

Jalada lina mamba. Filamu haina mamba.
Ina bwawa, ina mwanamke anayelitazama bwawa,
na baada ya saa nzima, mkia wa mpira
unaovutwa kwa kamba ambayo hata mimi, bila miwani, naiona.
Tano, aliandika Hilkka. Na pembeni: kamba.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya kuchekesha, ndivyo jalada lilivyoapa:
mpishi, askari wawili, keki kubwa kama kitanda.
Tulikaa kama watu waliokuja kuhani msiba.
Nne. Akafikiri kidogo. Nne kasoro.

Lakini ndani ya ile keki palikuwa na mtu.
Hilkka alinishika mkono. "Rudisha."
Nikarudisha. Masharubu yale, na sikio la kushoto
lililokunjika kama ukurasa uliowekewa alama:
ndiye mpima maji aliyeliwa na mkia wa mpira!
Ndiye aliyerushwa kutoka ghorofani mwezi wa kumi,
katika ile ya ngumi, na kulivunja turubai la muuza maua.
Jina lake hatulijui. Pale mwishoni, majina yanapoanza kupanda,
mtu fulani alirekodi juu yake utabiri wa hali ya hewa.
Tukamwita Marehemu.

Tangu hapo hatuangalii filamu, tunamwangalia yeye.
"Marehemu kaingia," namnong'oneza Hilkka, naye anaweka kikombe chini.
Tumemwona akinyongwa kwa pazia,
akipigwa risasi aliyolengwa mtu mwingine,
akicheka mpaka akakata roho
(hiyo ilipata saba, kwa ajili ya koo lake tu).
Hafi kwa pupa. Hufa kama mtu anayefunga duka:
taratibu, akigeuka kutazama kama hajasahau kitu.
Mastaa huanguka na nywele zao zimechanwa,
yeye huanguka kiatu kimoja kimemtoka.

Kuhusu mumewe, Hilkka hajanisimulia mengi.
Kiwanda cha karatasi, zamu ya usiku. Basi.

Jana, kanda ya tisini na saba. Magari, mabomu,
sauti iliyotangulia midomo,
shujaa asiyejua kufungua mlango bila kuupiga teke.
Dakika ya themanini, Marehemu kaingia: dereva wa teksi.
Hilkka akafumba macho.
Nikangoja breki zikatike, daraja livunjike,
mtu ainuke kiti cha nyuma na waya mkononi.

Akamfikisha shujaa stesheni.
Akahesabu chenji.
Akapunga mkono, akageuza gari, akaondoka,
taa mbili nyekundu zikififia barabarani
mpaka picha ikahamia kwa watu wengine.

"Kafa?"
"Hapana. Kaenda."

Nilisikia kalamu kabla sijaiona ilichoandika. Kumi.
Kwa takataka ile! Nilitaka kubisha,
nimtajie sauti, mabomu ya fataki, ile milango maskini.
Badala yake nikanyoosha kidole niirudishe kanda,
tumwone tena, mara moja tu.

Akanizuia.
"Usirudishe," alisema. "Saa hizi keshafika nyumbani."