Uanze na Ipi

Zamda, umeniuliza uanze na santuri ipi,
nami tangu adhuhuri nimepiga magoti
mbele ya kabati la marehemu kaka yangu, hapa Gerezani,
navuta, nasoma, narudisha.

Mwingine angekupa orodha.
Angesema kwanza hii ya Wamarekani,
tarumbeta iliyozibwa mdomo
inanong'ona kama mtu anayedai deni msibani.
Ni nzuri. Isikilize ukishafunga duka na kuhesabu mauzo.
Ila usiikalie kama mtihani.

Halafu hii isiyo na jalada,
kaka aliivisha gazeti, na gazeti limekuwa ngozi yake.
Mchikichini Jazi, upande wa pili.
Sisi jazi tuliita chochote chenye tarumbeta
na watu wazima ndani ya suti za kuazima.
Msikilize wa solo: anaingia mapema,
anajifanya hakukosea,
na wa besi, muungwana, anahama naye.
Noti utazijua baadaye.
Kwanza jifunze hiyo, kusitiriana.

Ile ya chini iache.
Ina mkwaruzo, sindano huruka,
ubeti mzima wa mapenzi unamezwa.
Ubeti wenyewe naujua.
Siuimbi.

Lakini wewe husikii la mkubwa.
Ukaihamishia kwenye simu,
ukaziba masikio kwa vile vidude vyeupe,
ukacheka peke yako.
"Shangazi, nani huyu anayehesabu?"
Hakuna anayehesabu, nikasema.
Miaka arobaini naisikiliza, mimi,
nimeipigia pasi, nimeipikia, nimeilalia njaa.
Hakuna anayehesabu.

Ukanivika.

Nyuma kabisa, saksafoni haijavuta pumzi,
sauti ina mafua:
*moja, mbili*

na tatu hakuisema. Tatu ilikuwa dramu.

Kondo.
Kondo wa Mtaa wa Lindi, wa vijiti vya mpera,
aliyekohoa wiki nzima ile ya kurekodi
akasema ni vumbi tu,
tukamzika Kisutu
kabla santuri hazijafika kutoka kiwandani.
Kwenye lebo wameandika jina la mwimbaji, na la bendi,
na la mwenye mtambo.

Mimi niliyekuwa nikufundishe kusikiliza!

Hizo nyingine zirudishe kabatini, 
za Wamarekani, za Mchikichini, zote, kesho zipo.
Mwambie mteja mlangoni asubiri.
Rudisha nyuma, Zamda.
Pale pale, kabla ya wimbo.
Tena.