Skrubu ya Tatu

Kila miaka kumi barua hutoka makao makuu ya kaunti,
nami huchukua ngazi, bisibisi na tarakimu za bati
nikaenda kubadilisha kibao cha Ostrander.
Safari hii: nne, tatu, nane.
Nilipoanza kazi, baba yangu akiwa hai, tulikuwa mia tisa na sita.
Ile tisa ninayo bado, imetundikwa gereji.
Ukiipindua kichwa chini huwa sita,
lakini hata kwa kupinduliwa haijaitwa tena kazini.

Redioni, asubuhi hiyohiyo, mchumi anasema Iowa imekua.
Pato limepanda. Ajira zimepanda. Nyumba hazitoshi.
Anasema "tumekua",
nami juu ya ngazi nageuka kushoto, nageuka kulia,
namtafuta huyo "sisi".
Mahindi. Mahindi. Ghala la nafaka. Mbwa wa Orville.

Hazitoshi kweli, sibishi.
Niliziona nilipompeleka mke wangu jijini kwa daktari wa macho:
shamba la binamu Delbert, tulikong'olea magugu ya soya utotoni,
limeota mitaa,
na mitaa imepewa majina ya ilivyovifukuza:
Njia ya Kware, Mtaa wa Mlizamu.
Nyumba bega kwa bega, zote rangi ya uji.
Mjukuu wangu Kaylin, mwalimu wa darasa la tatu,
analipia chumba kimoja huko, kila mwezi,
fedha ambazo hapa zingemtuliza anayenidai trekta.
"Njoo huku," namwambia. "Nyumba ya Verna Tiedeman i wazi,
vyumba vinne, baraza, mtufaa nyuma."
Hucheka. "Babu, nije nimfundishe nani?"

Shule tuliifunga mwaka wa mafuriko.
Ukumbi wa michezo sasa unalaza maboti
ya watu wa mbali wasiotaka yaguswe na theluji.

Verna alikufa Februari, ardhi imeganda,
mchimba kaburi akaomba mashine ya kaunti.
Nyasi zikafika dirishani.
Wanawe, mmoja Arizona, mmoja hajulikani alipo,
wakaitia nyumba sokoni kwa bei ya gari kuukuu,
na bado dalali alishinda akipangusa simu isiyolia.

Ndipo wakaja Biak Lian na Sui Tial,
Wachin, watu wa milimani mwa Burma.
Mume ana zamu ya usiku kiwandani, kwenye mnyororo wa nguruwe;
mke alifyeka nyasi kwa siku tatu, mtoto mgongoni,
akapanda choya pale Verna alipopanda waridi.
Sikupenda. Naliandika hapa kwa kuwa ni kweli.
Kisha akaniletea mchuzi wa majani yake, mchachu,
nikala nikiwa nimesimama, nikarudisha bakuli,
nikaona aibu kurudisha bakuli tupu, nikatia nyanya.

Walifika wakati wahesabuji wamekwisha kupita.
Leo gari lake lilipunguza mwendo chini ya ngazi yangu,
akashusha kioo, macho mekundu kwa usiku.
"Sisi tumo?"
Nikatazama nne, nikatazama tatu.
"Hamumo."
Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.
"Tuko saba," akasema. "Agosti, wanane."
Akaenda kulala.

Nilimpigia Marlys wa ofisi ya kaunti.
Akasema namba ni namba, mpaka sensa ijayo.
Nikamwambia mpaka sensa ijayo mimi nitakuwa karibu na Verna.
Akasema, "Leland, funga kibao uje unywe kahawa."

Nimefunga. Nne ina skrubu tatu, tatu ina tatu.
Nane ina mbili.
Ya tatu iko mfukoni, pamoja na funguo na vidonge vya moyo.
Upepo wa magharibi ukivuma, nane inagongagonga,
inasikika hadi barazani kwa Verna,
kwao, nilitaka kusema.
Marlys amekwishapiga simu mara mbili.
Namwambia nitapita kuikaza.